Waziri wa Namba za Siri

Inatangazwa kwa umma wote wa Kambu, wa upande huu na upande ule wa barabara kuu, wenye maduka na wasio na maduka, ya kwamba Mwalimu Kavindu Musembi, mke wa mtu, mama wa mtu na mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ameondoka nchini kwa shughuli za kitaaluma huko Estonia, Ulaya. Inatangazwa zaidi ya kwamba, kwa muda wote ambao hatakuwepo, mambo yake ya kimtandao nchini Kenya yatasimamiwa na Mheshimiwa Katunge, Waziri wa Namba za Siri. Wenye shida wafike ofisini wakiwa wamenawa mikono.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa jikoni kwa ugali wa jana. Lilikaa hapo kwa heshima mpaka baba yake Waziri, Mzee Musembi, alipotaka kuingia kuchukua chumvi. Alilisoma lote akiwa amesimama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akauliza, "Na sufuria ya huu ugali itaoshwa na wizara gani?"

Waziri mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita, na sifa zake katika shule ya bweni huko Migwani hazikuwa za kuandikwa kwenye cheti. Walimu walimkumbuka kwa kuendesha mazishi ya kidudu kilichopatikana ndani ya sahani ya mahindi ya muthokoi, mazishi yenye wimbo, wasifu wa marehemu na salamu za rambirambi kutoka kwa kidato cha nne. Wanafunzi walimkumbuka kwa jinsi alivyong'oa nyasi za uwanja baadaye, peke yake, huku akiwapungia mkono wapita njia kama mgombea kiti.

Lakini safari hii cheo chake hakikuwa mzaha mtupu. Mama yake alikuwa amempa kazi ya kweli.

Mwalimu Kavindu alikuwa amefundisha darasa la pili hapo Kambu tangu Katunge hajazaliwa. Alipojiandikisha kusoma tena katika chuo kikuu, kampasi ya Kitui, watu walidhani ni homa, itapita. Haikupita. Alisomea jikoni, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye debe la unga. Likizo zote alizimalizia katika shule za msingi za Migwani, alikozaliwa, akisikiliza namna watoto wanavyojifunza kusoma kwa Kikamba kwanza, kabla ya Kiswahili na Kiingereza. Maprofesa wa chuo kimoja huko Tartu, Estonia, wakasoma muhtasari wa kazi yake, wakamwalika aende Agosti wakafanye utafiti pamoja. Hapo Kambu hakukuwa na mwalimu aliyewahi kualikwa na mtu wa mbali kuliko Machakos.

Kulikuwa na jambo moja tu gumu. Tasnifu yake, ile kazi yote ya miaka, ilikuwa imerudishwa na wasahihishaji, na nakala ya mwisho ilitakiwa iingizwe kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, wakati yeye angali Ulaya. Akichelewa, hatavaa joho mwaka huo. Na mfumo huo, pamoja na maktaba ya chuo, haukufunguka ila kwa mtu aliye ndani ya mtandao wa kampasi.

Ndiyo sababu ya VPN, programu ya kumwingiza mtu kwenye mtandao huo akiwa mbali. Katunge ndiye aliyeiweka kwenye kompyuta ya mama yake, siku chache kabla ya safari, mama mtu akiwa amekaa kando kwenye kigoda na maswali tele.

"Sasa hii kitu inafanya nini?"

"Fikiria bomba, Mama. Mdomo mmoja uko hapa jikoni. Mdomo mwingine uko ndani ya maktaba ya chuo. Ukiingia huku, unatokea kule, na askari wa getini anafikiri umelala bwenini."

"Na mtu aliye katikati, anayechungulia?"

"Ataona bomba. Maji hayaoni."

Mwalimu Kavindu alifikiri. "Kwa hivyo nikiwa Estonia nitakuwa Kitui."

"Kwa macho ya maktaba, ndiyo."

"Asi! Na nilivyosumbuka miaka yote hii na barabara ya Kitui ya kupitia Mutomo."

Mzee Musembi alilipenda jambo hilo kuliko wote. Yeye ni mfanyabiashara wa ndengu na chakula cha mifugo, na tena mzee wa kanisa ambaye hajawahi kukosa la kusema wakati wa matangazo. Jumapili iliyofuata baada ya mkewe kuondoka alisimama mbele ya kanisa zima akiwa na suti yake ya harusi.

"Ndugu zangu, Mama Katunge amefika salama. Yuko Ulaya. Lakini pia, kwa njia ya kompyuta, yuko Kitui. Yuko kotekote."

Pasta alikohoa. "Mzee Musembi, kotekote ni pa Mungu peke yake."

"Basi pawili tu, Pasta. Mtuombee hapo pawili."

Wakaomba. Bibi mmoja wa kiti cha mbele aliombea bomba lisipasuke.

Sasa, kila mara Mwalimu Kavindu alipotaka kupita kwenye bomba hilo, chuo hakikutosheka na nenosiri lake. Kilituma namba fupi kwenye simu yake ili kuhakikisha ni yeye, na namba hiyo ilikuwa ya kutumia upesi, kabla haijaisha muda. Ila laini ya simu iliyosajiliwa chuoni ilikuwa ile yake ya zamani, na laini ya zamani ilikuwa imebaki Kambu. Wazazi wa darasa la pili walikuwa na namba hiyo, chama cha akina mama kilikuwa na namba hiyo, na shemeji zake wa Makindu hawakuwa tayari kujifunza nyingine. Mtu wa hapa akisafiri mbali huiacha laini nyumbani, ipokelewe na aliyebaki, ili asiambiwe ameringa. Kwa hiyo laini ilibaki ndani ya simu kuukuu iliyofungwa kwa mpira, simu ilibaki kwa Katunge, na namba za siri za chuo kikuu zikawa zinatua kila siku juu ya meza ya jikoni, Kambu.

Hapo ndipo wizara ilipozaliwa.

"Katunge, imefika?" mama yake aliuliza kwa WhatsApp kutoka Tartu.

Katunge alisimama wima na kushika simu kuukuu mbele yake kwa mikono miwili. "Mimi, kama msimamizi mkuu wa kituo cha kuhesabia kura cha Kambu, kwa mamlaka niliyopewa na katiba..."

"Katunge."

"...natangaza namba ya kwanza. Saba. Narudia: saba."

"Soma haraka, mtoto!"

"Namba ya pili, ambayo mawakala wote wameiafiki na kutia sahihi, isipokuwa mmoja aliyekwenda kula..."

"Imeisha muda! Sasa angalia. Inabidi niombe nyingine."

"Uchaguzi utarudiwa," Katunge alisema kwa huzuni.

Mama yake alijaribu kukasirika, lakini alikuwa mtu anayecheka kwanza. Alikuwa akicheka sana siku hizo. Alieleza kwamba huko jua linazama watu wakiwa wamemaliza kuosha vyombo vya jioni, kwamba maktaba ina madirisha makubwa kama ukuta wa ghala, na kwamba watu wenye mvi walimkalisha kiti cha katikati wakamwuliza habari za watoto wa Migwani, tena wakaandika alichosema.

"Wananiita Daktari."

"Umewaambia kwamba bado hujawa?"

"Nimewaambia. Lakini niliwaacha waseme kwanza."

Katunge akimaliza simu kama hizo alitembea Kambu kama aliyemeza kengele. Alimweleza muuza matunda. Alimweleza fundi wa tairi. Alimweleza hata dereva mmoja wa lori la Mombasa, aliyekuwa ameuliza tu choo kiko wapi.

Mtu pekee aliyekataa kushangaa alikuwa Ciku.

Ciku Ng'ang'a alikuwa rafiki yake wa tangu chekechea. Wazazi wake walihamia Kambu kutoka Murang'a kabla hajazaliwa, na mama yake, Waithera, alikuwa na hoteli kando ya barabara kuu, mahali pa supu, chai na mandazi. Ciku alisoma shule kubwa Nairobi na alikuwa na tabia ya kusubiri ushahidi. Jumanne jioni Mwalimu Kavindu alipompigia mumewe kumweleza kwamba jarida moja la ng'ambo limechapisha makala yake, habari hiyo ilifika hotelini kabla ya Jumatano kupambazuka vizuri. Kufikia saa nne asubuhi Ciku alikuwa ameshaitafuta kwenye simu yake.

"Nimeipata makala ya mamako," alisema Katunge alipoingia. "Hongera. Ameandika mistari mitatu."

"Mistari mitatu gani?"

Ciku aligeuza simu. Palikuwa na kichwa cha makala, jina la Kavindu Musembi, muhtasari wa mistari mitatu, kisha picha ya kufuli.

"Hiyo ni kwa watu wa nje," Katunge alisema. "Imefungwa. Wenye maktaba ndio wanaingia."

"Ni sawa. Hata mimi nimeandika kitabu kizima. Kimefungwa."

Mtu mmoja aliyekuwa akinywa supu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Ciku hakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyotaniana siku zote. Lakini Katunge alihisi uso ukimchoma. Mama yake alikuwa ameamka alfajiri miaka mingapi kwa ajili ya kile kitu kilichokuwa nyuma ya lile kufuli? Na hapa mtu anacheka na supu mdomoni.

Nenosiri alilijua, maana ni yeye aliyeliandika siku ile jikoni. Simu yenye laini ilikuwa mfukoni.

"Sogea," alimwambia Ciku. "Serikali inaingia."

Aliweka VPN kwenye simu yake mwenyewe, akaandika jina la mama yake, akaandika nenosiri. Simu kuukuu ikatetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu wizara ianzishwe, namba ya siri ilisomwa bila hotuba. Kufuli likatoweka, na makala ikafunguka ukurasa kwa ukurasa, ndefu, yenye majedwali na majina ya shule alizozijua.

Mle ndani walikuwamo watoto wa Migwani. Mmoja aliyesoma neno "mbua" akakimbilia dirishani kuangalia kama kweli mvua inanyesha. Mwingine aliyesoma Kiingereza kama kasuku, bila kosa, na alipoulizwa hadithi inahusu nini akajibu kwamba inahusu kusoma. Mama yake alikuwa amewaandika vile walivyo, bila kuwacheka, na kutoka kwao akapanda taratibu mpaka kwenye hoja kubwa. Katunge, ambaye kwa kawaida angeweza kumtania askofu, hakupata la kutania. Akafika mwisho, kwenye shukrani. Sentensi ya mwisho kabisa ilikuwa hii: "Namshukuru binti yangu Katunge, aliyenifundisha kuingia maktabani nikiwa jikoni."

Moshi wa hoteli ile ulikuwa mwingi siku hiyo, na uliwaingia watu machoni.

Yaliyofuata hapo hotelini yalikuwa ya kawaida na hayahitaji kuelezwa kirefu. Itoshe kusema kwamba Ciku alisoma, kisha akamsukumia Katunge chai yake mwenyewe, na mandazi.

Jambo moja ambalo Katunge hakulifikiria ni kwamba saa hiyohiyo, saa za Estonia zikiwa sawa na zetu mwezi huo, mama yake alikuwa Tartu amekaa karibu na dirisha kubwa kama ukuta wa ghala, naye yuko ndani ya bomba.

Alhamisi asubuhi WhatsApp ililia mapema.

"Katunge, imekataa."

"Imekataa nini, Mama?"

"Kila kitu. Inasema akaunti imefungwa kwa sababu za usalama, niione ofisi ya teknolojia. Nitaionea wapi na mimi niko huku? Na kesho ndiyo Ijumaa." Sauti yake haikuwa ile ya kucheka. "Nimewaandikia barua pepe tangu usiku. Hakuna jibu."

Katunge alijua. Alijua jinsi mtu anavyojua ameacha jiko likiwaka, kabla hata ya kunusa. "Labda ni mtandao," alisema, na ulimi ukawa mzito kama wa mtu anayesema uongo wa kweli kwa mara ya kwanza, baada ya mamia ya kuigiza.

Mzee Musembi alipiga simu ya chuo asubuhi nzima. Iliita ikachoka. Ilikuwa likizo, na waliobaki ofisini hawakuwa karibu na simu. Mchana alivua kofia ya biashara. "Kama hawapokei simu, watapokea miguu yetu. Kesho alfajiri tunaenda Kitui. Katunge, hiyo laini ya mama yako utaibeba wewe. Wewe ndiye unayeelewa haya mambo."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kuungama. Katunge alifungua mdomo. Baba yake alifumba macho akaanza kuomba, akiwataja maadui wasiojulikana wanaomwandama Mama Katunge, naye akaufunga mdomo akasema amina. Aliamua kwamba kwanza akaunti ifunguliwe, halafu ukweli usemwe, ikibidi.

Wakaondoka na pikapu ya ndengu, ikiwa tupu siku hiyo, Mzee Musembi akiwa ndani ya suti ya harusi. Kibwezi waliiacha nyuma, wakaingia barabara ya Kitui, wakavuka mto Athi, na jua likawakuta Ikutha. Baba mtu alikuwa mwingi wa maneno, kama kila anapokuwa na wasiwasi.

"Mimi niliacha shule darasa la saba. Unajua hivyo?"

"Najua, Baba."

"Mama yako alipoanza haya masomo, watu pale sokoni waliniambia, huyu akimaliza atakuacha. Nikawauliza, ataniachaje na mimi ndiye dereva?" Alicheka peke yake. "Nimempeleka Kitui, nimempeleka Migwani, mvua na jua. Sikumwuliza hata siku moja kwa nini. Mtu akikwambia kitu anakitaka kwa macho yale, unaweka mafuta." Halafu, baada ya kilima kizima, "Leo jioni akikosa, sijui nitamwambia nini."

Katunge alitazama nje ya dirisha. Mzaha wote aliowahi kuubeba maishani ulikuwa umebaki Kambu.

Ofisi ya teknolojia ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya chini chenye kompyuta nyingi na kijana mmoja, Ndeti, aliyekuwa akila chapati kwa siri mchana ulipokuwa umepita. Walikuwa wamemsubiri nje tangu asubuhi, maana alikuwa amekwenda kurekebisha mtandao wa bweni. Mzee Musembi aliingia kama mjumbe wa taifa jirani.

"Kijana wangu, mimi ni Musembi wa Kambu, mume wa Mwalimu Kavindu aliye Estonia. Nimekuja kuhusu bomba."

Ndeti alimeza chapati. Alipokwisha kueleweshwa na Katunge, aligeukia kompyuta yake, akaandika jina, akatazama. "Aa. Hii ilijifunga yenyewe. Juzi mwalimu aliingia kutoka Estonia, sawa kabisa. Halafu kabla hajatoka, akaingia tena kutoka hapa Kenya. Mfumo ukaona mtu mmoja hawezi kuwa pawili, ukafunga."

"Pasta aliniambia hivyo hivyo," Mzee Musembi alinong'ona. Kisha akashtuka. "Kwa hivyo kuna mtu! Wezi!"

"Inawezekana, Mzee."

"Wezi wa Ulaya! Wamemwona mwanamke amekaa peke yake na kompyuta. Katunge, umesikia?"

"Ni unyama," Katunge alisema kwa sauti nyembamba.

"Washtakiwe!"

"Washtakiwe," Katunge alikubali, "ingawa tusisahau kwamba hata mwizi ana mama."

Ndeti alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Laini iliyosajiliwa iko kwa nani?"

Katunge alitoa simu kuukuu, akafungua mpira wake. Ndeti akampigia Mwalimu Kavindu kwa video. Akaomba kuona uso wake, kitambulisho na pasipoti, akamwuliza jina la msimamizi wake na mwaka alioanza masomo. Akatuma namba moja ya mwisho kwenye laini ya Kambu, na Katunge akaisoma haraka, namba tupu, bila kituo cha kura wala wakala.

"Sasa Mwalimu, weka nenosiri jipya. Uandike mwenyewe, na usinitajie," Ndeti alisema. "Na hii ya kutuma namba kwa laini iliyo nchi nyingine tunaiondoa. Nakuwekea programu kwenye simu uliyo nayo mkononi. Ukitaka kuingia, unabonyeza kukubali. Namba ya siri haisomewi mtu mwingine, hata mtoto wako wa tumbo."

"Nimesikia, mwanangu," Mwalimu Kavindu alisema.

Wizara ilivunjwa hivyo, mbele ya waziri wake, bila hata kutangazwa gazetini. Katunge hakulalamika.

Saa kumi ilikuwa imekwishapita. Kwenye skrini walimwona Mwalimu Kavindu akisogeza kompyuta yake karibu, midomo ikisoma bila sauti. Akaingia. Akafungua mfumo. Akaichagua tasnifu. Ndeti aliacha kutafuna. Mzee Musembi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama usukani.

"Inaenda," Mwalimu Kavindu alisema. "Nusu." Akainama. "Imekwama. Hapana, inaenda." Halafu akafunika mdomo kwa kiganja, na walioko Kitui wakaona mabega yake yakitikisika, wasijue ni kulia au kucheka.

"Mama Katunge! Nini?"

"Wamesema imepokelewa."

Mzee Musembi aliinuka. Alimshika Ndeti mkono, akamshika tena, akamkumbatia pamoja na chapati. "Bwana asifiwe! Kijana, unajua leo umemhudumia nani? Huyu ni mwalimu wa darasa la pili! Amekaa na maprofesa! Wanaandika akisema! Na makala yake iko ndani ya maktaba yenu hii, imechapishwa dunia nzima. Na mwishoni ameshukuru watu kwa majina, ameniambia. Wa kwanza ni mimi. Si ndiyo, Mama Katunge?"

Mama Katunge alijifuta macho akicheka. "Utaona nikirudi."

Katunge naye alikuwa amefurahi, na furaha ilimlegeza kila mahali, hasa mdomoni.

"Si wewe wa kwanza, Baba," alisema. "Wa kwanza ni watoto wa Migwani. Halafu walimu wao. Halafu wewe, kwa kuendesha gari bila kuuliza kwa nini. Wa mwisho ni mimi, na nimepewa sentensi nzima peke yangu."

Mama yake aliacha kujifuta macho.

"Katunge," mama yake alisema kutoka Estonia.

"Naam, Mwaitu," Katunge aliitika, akimwita mama kwa Kikamba.

"Hiyo makala ilitoka Jumanne jioni. Sijamtumia mtu. Nilikuwa naileta kwa karatasi, iwe zawadi yenu. Umeisoma wapi?"

"Nilioteshwa."

"Ukaoteshwa na mpangilio wa majina?"

Ndeti aligeuza kiti chake taratibu, akakunja mikono kifuani, kama mtu aliyelipia tiketi.

Mzee Musembi alikaa chini. "Wezi wa Ulaya," alisema polepole, "kumbe walikuwa jikoni kwangu."

"Hotelini," Katunge alimsahihisha, na papo hapo akatamani sakafu ya chuo kikuu ifunguke.

Alivuta pumzi. Alijaribu kutafuta ile sauti yake ya matangazo, ile ya mamlaka aliyopewa na katiba, lakini haikuja. Ikaja sauti ya kawaida ya msichana wa Kambu.

"Ni mimi, Mama. Niliingia kwa jina lako. Nilijua nenosiri, na namba ikaja kwangu. Sikujua utakuwa ndani, lakini hata kama ningejua... Ciku alisema umeandika mistari mitatu. Watu wakacheka. Nikataka aone yote. Nisamehe. Ningekufungia joho lako kwa sababu ya mzaha wa mtu, na Baba ameendesha gari tangu alfajiri akifikiri ni wezi."

Mama yake aliisogelea kompyuta. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na skrini.

"Ulimwonyesha Ciku peke yake?"

Katunge alitazama viatu vyake. "Na mama yake."

"Hao tu?"

"Na madereva wa malori waliokuwa wakinywa supu. Na fundi wa tairi. Na Pasta, alikuwa amefuata mandazi."

"Wote hao walisomea kwenye hiyo simu ndogo?"

"Hapana, Mama. Niliwasomea mimi. Kwa sauti. Pale Kiingereza kilipokuwa kigumu niliwatafsiria kwa Kikamba." Alivuta mpira wa simu kuukuu. "Nilisimama juu ya benchi."

Ndeti alikohoa ndani ya ngumi. Mzee Musembi alikuwa ameinua kichwa.

"Na ile sentensi yako," mama yake aliuliza, "hiyo pia uliwasomea?"

"Hiyo niliwasomea tena, Mama," Katunge alisema, "walipomaliza kupiga makofi."